MTU ALIYEANGUKA MNAZINI
Somo juu ya ateri za kitako cha fuvu

Somo letu la juma hili lahusu jambo lililofichika ndani ya kichwa cha mwanadamu, lakini mwanzo wake mara nyingi huwa juu ya mnazi. Kwa hiyo wasomaji wa Diani, Ukunda, Msambweni na Vanga wasidhani ya kuwa limeandikwa kwa ajili ya madaktari peke yao.

Twaa mfano wa mkwezi mmoja. Amekwea asubuhi ili aangue nazi. Mguu wake umeteleza penye ngazi iliyochongwa katika shina, naye akaanguka, ubavu wa kichwa ukagonga kisiki. Akalala kimya kwa dakika chache kama mtu aliyezimia. Kisha akafumbua macho, akaketi, akaomba maji, akawataja wenzake kwa majina yao, hata akacheka. Wenzake wakamshukuru Mungu, naye akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Saa sita akalalamika ya kuwa kichwa chamwuma sana, akatapika mara mbili. Akaambiwa alale kidogo apumzike. Alasiri mkewe alipokwenda kumwamsha alimkuta akikoroma, asiamke. Hata magharibi alikuwa amekwisha kufa.

Mambo ya namna hii yakitokea, majirani hutafuta sababu mbali. Huyu atasema ni shetani, na yule atakumbuka ugomvi wa mpaka wa shamba, kwa maana akili ya mtu haikubali upesi kwamba mnazi wamwua mtu aliyekwisha kuinuka na kucheka. Lakini sababu iko, nayo yaweza kuonyeshwa kwa kidole. Ni ateri moja nyembamba, isiyozidi unene wa mshipi wa kuvulia, ipitayo katika tundu dogo penye kitako cha fuvu na kupanda ndani ya panja. Anayeijua njia ya ateri hiyo hatamwacha mkwezi alale.

Kabla ya kuendelea yatupasa tupatane juu ya neno moja. Kiswahili ni tajiri kwa maneno ya bahari na ya minazi, lakini katika mambo ya ndani ya mwili neno moja tu, yaani mshipa, limebebeshwa mizigo minne. Mshipa ni njia ya damu itokayo moyoni. Mshipa ni njia ya damu irudiyo moyoni. Mshipa ni uzi uletao fahamu. Tena mzee wa pwani akisema ana mshipa, huenda asiwe na maana ya hata kimoja cha hivyo, bali anataja uvimbe wa korodani. Mfasiri asiyeangalia atampeleka msomaji mahali asipotaka kwenda. Basi katika somo hili njia ya damu itokayo moyoni tutaiita ateri, ile irudiyo tutaiita vena, na uzi wa fahamu tutauita neva, kama vitabu vya shule vifanyavyo.

Sasa tutazame fuvu. Watu wa Kwale hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wake, kwa kuwa kila mmoja amepata kuvunja nazi. Nje kuna makumbi, ndani yake kifuu kigumu, na ndani ya kifuu nyama laini na maji. Kadhalika kichwani kuna ngozi yenye nywele, kisha mfupa, kisha ubongo ukielea katika maji safi kidogo. Tena kifuu kina macho matatu upande mmoja, na hapo ndipo chipukizi hutokea. Fuvu nalo lina macho yake, lakini yako chini, penye kitako, mahali ambapo kichwa kimekaa juu ya shingo, nayo ni mengi kuliko matatu. Sehemu ya juu ya fuvu, yaani utosi na pande zake, ni kama kuba isiyo na mlango. Milango yote mikubwa iko kitakoni: neva hutokea huko, vena hushukia huko, na ateri huingilia huko.

Kila kitu kikipita katika tundu la mfupa kimepata ulinzi, na papo hapo kimetiwa kifungoni. Mkono ukivutwa, ateri yake huweza kuvutika na kusogea kidogo. Bali ateri iliyobanwa katika mfupa haina pa kukimbilia mfupa uvunjikapo. Hiyo ndiyo sababu madaktari wapasuaji hujifunza kitako cha fuvu kwa bidii kuliko kuba yake.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 au 1.4, yaani si zaidi ya fungu moja katika mafungu 50 ya mwili. Lakini mwili ukiwa umetulia hupokea fungu moja katika mafungu 7 hivi ya damu yote itokayo moyoni. Damu hiyo huletwa na ateri nne. Mbili hupanda mbele ya shingo, moja kuume na moja kushoto, nazo ndizo mapigo yake husikika ukiweka vidole kando ya koromeo; huitwa karotidi za ndani zikisha kuachana na wenzao wa usoni. Mbili nyingine hupanda nyuma, zikipita katika vitundu vilivyo kando ya pingili sita za juu za shingo, kisha huzunguka juu ya pingili ya kwanza na kuingia kwa tundu kubwa lile la uti wa mgongo. Zikisha kuingia huungana zikawa ateri moja. Kitakoni mwa ubongo ateri za mbele na za nyuma hushikana mikono, zikafanya duara. Mwingereza Thomas Willis alilieleza duara hilo katika kitabu chake cha mwaka 1664, na baadhi ya picha zake zilichorwa na Christopher Wren, yule mjenzi wa kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London. Kazi ya duara ni kwamba njia moja ikizibika, nyingine zipeleke damu mahali pake. Ila si kila mtu amejaliwa duara kamili, na katika watu wengi upande mmoja au mwingine una ateri nyembamba mno isiyofaa kitu.

Hapa naomba ruhusa ya kupita kando kidogo, kwa ajili ya wale wanaochinja mbuzi. Galen, mganga mashuhuri wa karne ya pili ambaye Waarabu walimwita Jalinus, aliandika kwamba chini ya ubongo wa mwanadamu kuna wavu wa ajabu wa ateri ndogondogo, uliofumwa kama jarife la mvuvi. Vitabu vikafuata maneno yake muda wa miaka 1,300 na zaidi. Ndipo Berengario da Carpi, mpasuaji wa Italia, alipoandika katika miaka ya 1521 na 1522 ya kuwa ameutafuta wavu huo katika maiti nyingi asiuone. Na mwaka 1543 Vesalius akatangaza wazi kwamba haumo katika mwanadamu. Wavu huo si hadithi tupu. Umo katika mbuzi, kondoo na ng'ombe, na katika jamaa zao wa porini kama palahala wa Shimba Hills. Hupoza damu kabla haijafika ubongoni, maana umezungukwa na damu ya vena iliyopozwa puani. Galen alikuwa amepasua wanyama. Mbega wa Diani hana wavu wa namna hiyo, wala sisi hatunao.

Turudi penye panja, ambapo kisa chetu kipo.

Katika shingo, karibu na pembe ya taya, ateri kubwa ya karotidi hugawanyika mbili. Ya ndani huenda ubongoni kama tulivyokwisha kusema. Ya nje hulisha uso, ulimi, meno na ngozi ya kichwa. Tawi moja la hiyo ya nje hupita nyuma ya taya, na kutoka katika tawi hilo huchipuka ateri ndogo ipandayo juu moja kwa moja mpaka kitako cha fuvu. Hapo imewekewa tundu lake yenyewe, lenye upana wa milimita 2 au 3 tu. Wenye elimu huliita kwa Kilatini tundu la mwiba, kwa kuwa kando yake kuna ncha ya mfupa iliyochongoka. Ateri yetu huingia hapo, kisha haiendi ubongoni kabisa. Hukaa katikati ya mfupa na utando mgumu unaoufunika ubongo, ikipanda ubavuni mwa fuvu na kugawanyika matawi. Imelala pale maisha yote ya mtu hata imejichimbia mfereji katika mfupa. Ukipata kuona fuvu kavu lililokatwa, mifereji hiyo yaonekana dhahiri, mfano wa vijito katika mchanga maji yanapokupwa.

Mahali pa hatari zaidi pana alama zake. Weka vidole viwili juu ya mfupa wa shavu uendao sikioni, kisha weka dole gumba nyuma ya ukingo wa mfupa wa jicho. Penye pembe ya vidole hivyo mifupa minne ya fuvu yakutana, na mfupa hapo ni mwembamba sana. Ubavu wa fuvu kavu ukiinuliwa mbele ya taa, mwanga hupenya. Nyuma ya mfupa huo mwembamba ndipo tawi la mbele la ateri lipitapo, na mara nyingine halimo katika mfereji tu bali limefunikwa na mfupa pande zote kama waya ndani ya bomba. Pigo la ubavuni likiutia mfupa ufa, ufa huo huikata ateri.

Ikisha kukatika damu hutoka kwa nguvu ya moyo, lakini haina njia ya kwenda nje, maana ngozi yaweza kuwa nzima. Huubandua utando kidogo kidogo kutoka katika mfupa, mfano wa mtu abanduaye nyama ya nazi kifuuni kwa kisu. Kazi hiyo huchukua muda: pengine saa moja, pengine saa sita, au zaidi. Muda huo ndio ule wa kucheka na kuomba maji. Mtu alizimia kwanza kwa sababu ubongo ulitikiswa. Akapata fahamu kwa sababu mtikisiko ulikwisha. Na wakati anapozungumza na wenzake bonge la damu linaendelea kukua ndani ya panja lake. Si kila mgonjwa apataye nafuu hiyo. Wengine hawaamki tangu walipoanguka, na wengine hawakuzimia hata kidogo.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Damu ikizidi mililita 30, ambayo haijazi hata kikombe kimoja cha kahawa cha pwani, madaktari huona imekuwa lazima kupasua, hata mgonjwa akiwa bado anasema. Bonge likikua zaidi, ubongo husukumwa upande wa pili na chini, hata ukingo wake ukaibana neva ya jicho pale kitakoni. Ndipo mboni ya jicho la upande ulioumia hupanuka, wala haisinyai ukiimulikia taa. Mkono na mguu wa upande mwingine hulegea. Mapigo ya moyo huenda polepole badala ya upesi, na pumzi huwa ya kukoroma. Dalili hizi zikionekana, saa zilizobaki ni chache, na pengine ni dakika tu.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba mara nyingi ubongo wenyewe hauna jeraha kubwa. Mtu huyo angeondolewa damu mapema angerudi shambani kwake. Ajali hii huwapata hasa vijana na watu wa makamo, ambao ndio wakweao minazi na kuendesha pikipiki, kwa kuwa kwa wazee utando umeshikamana sana na mfupa, wala haubanduki kwa urahisi.

Wala haihitaji kwamba mtu aanguke. Nazi yenyewe ikianguka yatosha. Mwaka 1984 daktari Peter Barss alichapisha habari za hospitali moja ya Milne Bay, katika Papua New Guinea, ambako watu huishi chini ya minazi kama sisi. Katika muda wa miaka 4 wagonjwa 2.5 katika kila 100 waliolazwa kwa majeraha walikuwa wamepigwa na nazi zilizoanguka. Wanne waliumia kichwa, na wawili wao ilibidi wafunguliwe fuvu.

Daktari mpasuaji hufanya nini basi? Hospitali ikiwa na mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, bonge huonekana mara moja, limevimba kama dengu iliyobandikwa upande wa ndani wa mfupa. Hunyoa nywele, hukata ngozi mbele ya sikio, na kutoboa mfupa kwa chombo kisicho mbali na keekee ya seremala, ila hiki kimetengenezwa kisipenye hata kuugusa ubongo. Kisha hufungua dirisha katika mfupa, akatoa damu iliyoganda, nyeusi kama maini. Ubongo uliokuwa umebonyezwa huanza kuinuka na kupiga tena.

Lakini kazi haijaisha, na hapa ndipo elimu ya kitako cha fuvu inapohitajiwa. Ateri iliyokatwa yaweza kuwa ingali yatoka damu. Ikiwa imekatika juu, juu ya utando, daktari huichoma au huifunga. Ikiwa imekatika chini karibu na kitako, hawezi kuishika; hulazimika kuuinua ubongo pamoja na utando wake polepole, akashuka sakafuni hata akalifikia lile tundu la mwiba, akaliziba. Dawa ya kulizibia ni nta. Mwaka 1892 Victor Horsley wa London alieleza namna ya kuchanganya nta ya nyuki na mafuta ya lozi na dawa ya kuua vijidudu ili kuzuia damu ya mifupa, na nta ya mfupa ingalimo katika vyumba vya upasuaji mpaka leo.

Msomaji asidhani ya kuwa kufungua fuvu ni jambo lililoletwa Afrika ya Mashariki na wageni. Wakisii walikuwa na mafundi wao waliofungua mfupa wa kichwa cha mtu aliyepigwa rungu na kusumbuliwa na maumivu yasiyokwisha, na habari zao zimeandikwa na madaktari wengi. Kazi yao ilikuwa juu ya kuba ya fuvu. Kitako hakifikiki kwa njia hiyo. Kwa upande wa hospitali, daktari Renato Ruberti kutoka Italia, aliyefika Nairobi mwaka 1967, anahesabiwa miongoni mwa mabingwa wa kwanza wa upasuaji wa ubongo katika Kenya. Hata hivyo kuondoa bonge la panja ni kazi ambayo hata mpasuaji wa kawaida hufundishwa, kwa sababu mgonjwa hawezi kumngoja bingwa wa mbali.

Ziko ajali nyingine za kitakoni, nazo tutazitaja kwa ufupi. Kitako chenyewe kikivunjika, damu au maji maangavu hutoka puani au sikioni, na baada ya saa kadhaa macho yote mawili huzungukwa na weusi, au weusi huonekana nyuma ya sikio. Usizibe sikio wala pua kwa pamba. Yaache maji yatoke, maana kuyazuia huweza kuingiza uchafu ubongoni. Mara chache karotidi ya ndani hupasuka ndani ya vena iizungukayo nyuma ya jicho. Siku au majuma yakipita jicho hutokeza nje, likawa jekundu, likidunda pamoja na moyo, na mgonjwa husikia uvumi kichwani kama wa mawimbi ya mwambani. Huyo asifikiriwe kuwa ana ugonjwa wa macho tu.

Juu ya kumbeba aliyeanguka, kumbuka zile ateri mbili za nyuma zipitazo katika pingili za shingo. Watu wenye huruma humkamata mtu mikono na miguu, wakamwinua mbio, kichwa kikining'inia. Pingili ikiwa imevunjika, huenda uti wa mgongo ukakatwa au ateri ikapasuka kwa huruma hiyo. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kilingane na kiwiliwili, na wengine wamwinue wote kwa pamoja juu ya ubao, mlango au kitanda cha kamba. Akitapika ageuzwe ubavu, kichwa na mwili kwa pamoja. Asipewe chakula, wala tembo ya kumtuliza, wala aspirini, kwa kuwa aspirini huzuia damu isigande.

Baada ya hapo ni kumpeleka hospitali, hata kama asema hajambo. Kwa watu wa pande hizi hospitali kubwa iliyo karibu ni ile ya Msambweni. Ikiwa madaktari wataona yafaa apelekwe mbele mpaka Mombasa, ni mwendo wa kilomita 50 hivi, na njia ya zamani yakatika penye kivuko cha Likoni; iko pia barabara ya Dongo Kundu inayozunguka bila kuvuka kwa feri. Dereva na aamue njia kabla ya kuondoka.

Aendaye na mgonjwa achukue habari nne, azitaje kwa daktari hata asipoulizwa: saa aliyoanguka, kama alizimia, na kwa muda gani, saa alipoanza kutapika au kusinzia, na ni upande gani wa kichwa uliogonga. Kama hospitali imempima na kumruhusu kurudi nyumbani, usiku wa kwanza asilale peke yake. Mtu mzima mmoja akeshe naye, amwamshe kila baada ya saa mbili, amwulize jina lake na siku ya leo, na kumulika macho yake kwa tochi atazame kama mboni zote mbili ni sawa. Akijibu ovyo, au mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, asingoje kupambazuke.